Kabla hujalipia antivirasi mwaka wa pili: hatua za kufuata kwenye kompyuta yako

Kompyuta nyingi zinazofika kwenye meza yangu hapa Mwanga, Kigoma, hazina kirusi. Zina ujumbe mwekundu unaosema ulinzi umeisha, na mwenyewe anauliza, "Fundi, mwaka jana nililipa kidogo tu, mbona sasa wananitaka mara mbili yake?" Anaulizia pesa ya ada ya mtoto au ya karatasi za steshenari, kwa hiyo anastahili jibu la maana.

Jibu langu ni kwamba bei ya kweli ya antivirasi ni ile ya mwaka wa pili. Ya mwaka wa kwanza ni ya kukuvuta. Na kwa kompyuta nyingi za nyumbani na za biashara ndogo za huku kwetu, kinga iliyokuja na Windows yenyewe inatosha, mradi uiweke sawasawa. Tufuatane, na usiruke hatua ya kwanza.

Hatua ya 1: Hakikisha ujumbe ni wa kweli

Tazama ujumbe unatokea wapi. Ukichomoza kwenye kona ya chini kulia, soma maandishi madogo kabisa. Ukiona jina la kivinjari, mfano Chrome au Edge, pamoja na anwani ya tovuti usiyoifahamu, hiyo si antivirasi yako. Ni tovuti uliyoipa ruhusa ya kukutumia arifa siku ulipobonyeza "Allow" ili uone mpira au upakue wimbo. Watu wanaoneshwa "McAfee yako imeisha" wakati McAfee haijawahi kuwekwa kwenye mashine hiyo.

Kuiondoa ni rahisi. Kwenye Chrome ingia "Settings", kisha "Privacy and security", kisha "Site settings", kisha "Notifications". Utaona orodha ya tovuti zilizoruhusiwa. Futa zote usizozijua. Wengi wanaokuja kwangu tatizo lao huishia hapo, na sioni sababu ya kumtoza mtu pesa kwa kazi hiyo.

Aina ya pili ni barua pepe inayodai umeshakatwa mamia ya dola kwa antivirasi ya Norton au jina jingine kubwa, na kwamba ukitaka kusitisha upige namba fulani. Usipige. Anayepokea atakuomba uweke AnyDesk au TeamViewer, programu za kuendesha kompyuta kutoka mbali, ili "akurudishie pesa", na ukishamfungulia mlango huo, kompyuta yako imekuwa yake. Jiulize swali moja: je, niliwahi kuipa kampuni hii namba ya kadi yangu? Kama hapana, hakuna pesa iliyokatwa.

Hatua ya 2: Jua nani analinda kompyuta sasa hivi

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika winver, kisha Enter. Dirisha dogo litakuonesha ni Windows gani.

Ukiona Windows 10 au 11, fungua "Windows Security", nenda "Settings" chini kushoto, kisha "Manage providers". Hapo yanaandikwa majina ya antivirasi zote zilizomo na ipi inafanya kazi. Microsoft Defender, ile kinga ya Windows yenyewe, imo kama antivirasi kamili tangu Windows 8 ya mwaka 2012. Haina leseni ya kulipia upya. Ukiweka antivirasi nyingine, Defender inakaa pembeni yenyewe. Hiyo nyingine ikiisha muda, Windows inapaswa kuiwasha Defender tena, lakini usibahatishe: nembo kuonekana pembeni ya saa si uthibitisho kwamba unalindwa.

Ukiona Windows 7, ngoja hatua ya 5.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya miaka mitatu, usiangalie mwaka mmoja

Chukua karatasi. Bei kubwa iliyo kwenye tangazo iandike pembeni, kisha tafuta kwenye ukurasa huohuo maandishi madogo yanayotaja bei ya kuhuisha, yaani ya kulipia mwaka unaofuata. Kampuni nyingi huyaweka chini ya kitufe cha kununua. Tuseme, kwa mfano tu, mwaka wa kwanza ni shilingi 35,000 na kuhuisha ni 95,000. Kwa miaka mitatu utakuwa umetoa 225,000, wastani wa 75,000 kwa mwaka. Hiyo ndiyo bei yako, si ile 35,000. Angalia pia kama VAT imo au itaongezwa mwishoni, na kama bei iko kwa dola, maana shilingi ikishuka bei inapanda hata kama kampuni haijagusa kitu.

Mambo haya si malalamiko ya huku kwetu peke yake. Mwaka 2009 mwanasheria mkuu wa jimbo la New York alizibana Symantec, wenye Norton wakati huo, na McAfee. Kila moja ililipa dola 375,000 kwa sababu ya kuwakata wateja pesa za kuhuisha bila kuwaeleza vya kutosha. Mwaka 2021 mamlaka ya ushindani ya Uingereza, CMA, ikazitaka kampuni hizohizo mbili ziwarahisishie wateja kusitisha na kurudishiwa pesa.

Unaponunua kadi ya antivirasi ya kukwangua dukani mambo ni mepesi kidogo: hujampa mtu kadi yako ya benki, na siku zikiisha zimeisha. Ila soma sanduku. Namba nyingi za kufungulia leseni zimefungwa kwa eneo, kwa hiyo kadi iliyoletwa na ndugu kutoka Ulaya inaweza kukataa kufanya kazi hapa. Na wale wanaouza funguo za leseni za bei ya kutupa kwenye flashi waache. Kampuni ikigundua ufunguo mmoja umetumika kwenye mashine mia inaufungia, na masasisho yanakoma bila wewe kujua.

Hatua ya 4: Zima malipo ya kujirudia

Ingia kwenye akaunti uliyofungua ulipolipia mtandaoni, tafuta sehemu ya usajili, zima "Auto-renewal", kisha subiri barua pepe ya uthibitisho na uihifadhi. Kufuta programu kwenye kompyuta hakusitishi malipo. Nalirudia kwa sababu linawaumiza watu: unaweza kuiondoa antivirasi leo, na mwakani ukakatwa vilevile.

Fanya hivi mapema, maana kampuni nyingine hukata pesa wiki kadhaa kabla ya siku ya mwisho. Ukiizima leo, siku zako zilizobaki kwa kawaida zinaendelea hadi ziishe. Kama umeshakatwa, soma masharti ya kurudishiwa. Norton kwa mfano wanatoa siku 60 kwa usajili wa mwaka. Na unapolipia kwa kadi ya mtandaoni ya kampuni ya simu, weka humo kiasi cha manunuzi hayo tu.

Hatua ya 5: Amua ulipe au usilipe

Kwanza kuhusu antivirasi za bure za kampuni nyingine. Zipo nzuri, lakini zina gharama ambayo haiandikwi kwa shilingi. Februari 2024 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilitangaza kuitoza Avast dola milioni 16.5 kwa sababu taarifa za tovuti walizotembelea watumiaji zilikuwa zikiuzwa kupitia kampuni yake tanzu, Jumpshot, iliyofungwa mwaka 2020. Tena nyingi zinaruhusiwa kwa matumizi binafsi tu. Mwenye steshenari anayeziweka kwenye kompyuta za biashara anavunja masharti bila kujua. Defender haina kizuizi hicho. Na ukikimbia kutoka Norton kwenda Avast, AVG au Avira, fahamu kwamba zote nne siku hizi ziko chini ya kampuni moja, Gen Digital.

Mimi namshauri mtu alipe akiwa na ofisi ya kompyuta nyingi, kama shule au SACCOS, ambako mtu mmoja anahitaji kuona mashine zote kutoka sehemu moja na kujua ipi imeambukizwa. Hapo nunua toleo la ofisi, si la nyumbani. Mzazi anayetaka kudhibiti anachoangalia mtoto, au mtu anayetaka leseni moja ifunike kompyuta na simu za familia nzima, naye ana sababu. Ila VPN (njia ya kuficha mawasiliano yako mtandaoni) na hifadhi ya nywila zinazofungashwa pamoja zisikubabaishe kama hukuwa unazihitaji kabla ya kuona tangazo.

Kabla ya kulipa, tazama matokeo ya maabara zinazopima antivirasi, AV-TEST ya Ujerumani au AV-Comparatives ya Austria. AV-TEST hutoa alama hadi 6 kwa ulinzi, hadi 6 kwa wepesi na hadi 6 kwa utumiaji. Tafuta jina la Defender kwenye orodha hiyo, ulilinganishe na unayotaka kulipia, kisha jiulize tofauti unayoiona inastahili hiyo 75,000.

Sasa Windows 7. Microsoft iliacha kuihudumia Januari 2020, na Defender iliyomo humo ni ya zamani isiyozuia virusi kikamilifu. Windows 10 nayo ilifikia mwisho wa huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, ingawa Defender yake inaendelea kupata masasisho ya kutambua virusi. Laptopu nyingi za mtumba zilizoko Kigoma ni za kundi hili. Antivirasi ya kulipia haizibi matundu ya Windows yenyewe. Ni sawa na kuajiri mlinzi wa getini wakati ukuta wa nyuma umebomoka. Pesa hiyo iweke kwenye kuhamia Windows 11 kama mashine inakubali.

Hatua ya 6: Ondoa ya zamani, yote

Bonyeza Windows na R, andika appwiz.cpl, chagua antivirasi, ondoa, kisha zima na kuwasha kompyuta. Mabaki yakigoma kutoka, kila kampuni kubwa ina kifaa chake cha kusafishia. Kipakue kwenye tovuti yake yenyewe. Usiweke antivirasi mbili pamoja ukidhani ulinzi unaongezeka. Zinagombana na kompyuta inakuwa nzito.

Hatua ya 7: Panga Defender vizuri

Fungua "Virus & threat protection", kisha "Manage settings". Washa "Real-time protection", "Cloud-delivered protection" na "Tamper Protection". Rudi nyuma, bonyeza "Protection updates", soma tarehe ya mwisho. Kama unatumia bando la simu na umeuweka mtandao wako kuwa wa kupimwa ("Metered connection"), masasisho yanaweza kuchelewa, kwa hiyo bonyeza "Check for updates" mwenyewe.

Mwenye kompyuta kadhaa na bando dogo afanye hivi: apakue mara moja faili linaloitwa mpam-fe.exe kutoka tovuti ya Microsoft, toleo la biti 64, linalozidi MB 100, alinakili kwenye flashi na kulibonyeza kwenye kila mashine. Halioneshi dirisha lolote. Litakalobadilika ni tarehe ya sasisho.

Kisha kuna programu za kuvunja leseni za Windows na Office. Nyingi zinakuambia uzime antivirasi kwanza. Hapo ndipo virusi vya kufunga mafaili na kudai fidia hupenya, na hakuna antivirasi, ya bure wala ya dola mia, itakayokusaidia ukishaizima kwa mkono wako. Pesa ya kuhuisha uliyookoa inunulie diski ya nje, nakili mafaili yako kila mwisho wa wiki, kisha ichomoe. Diski inayobaki imechomekwa nayo itafungwa pamoja na kompyuta.

Hatua ya 8: Flashi za wateja

Steshenari za Mwanga, Ujiji na Kibirizi hupokea flashi kutoka kila upande: wanafunzi wa Kasulu, waombaji wa kazi, wafanyabiashara wanaovuka ziwa. Ukiichomeka, usifungue kitu. Bonyeza kulia juu ya flashi, chagua kuiskani na Defender. Kama folda zimegeuka njia za mkato ("Shortcut"), kazi za mteja mara nyingi zimo bado, zimefichwa tu. Baada ya kuskani, fungua "Command Prompt", na kama flashi ni F andika:

attrib -h -r -s /s /d F:\*.*

Folda zitarudi kuonekana. Futa zile njia za mkato, usizibonyeze.

Hatua ya 9: Jaribu

Pakua faili la EICAR kutoka tovuti ya eicar.org. Ni herufi 68 tu, haliwezi kudhuru chochote, lilitengenezwa ili kupima kama antivirasi iko macho. Defender inapaswa kulikamata kabla hujalifungua. Ikikaa kimya, rudi kwenye "Manage providers" ya hatua ya 2. Mara nyingi utakuta ile ya zamani bado haijatoka.