Jinsi ya kupata ubesi wa asidi, kwa mchoro na kwa bureti

Juzi nilikuwa namwelekeza kijana wa kidato cha nne anayejiandaa kwa mtihani wa vitendo. Alijua kwamba ubesi wa asidi ni idadi ya haidrojeni ambazo molekuli moja inaweza kuziachia, nafasi zake zikachukuliwa na metali. HCl ni monobesiki (ubesi wa 1), H₂SO₄ dibesiki (2), H₃PO₄ tribesiki (3). Lakini alidhani tribesiki ndiyo kali zaidi. Sivyo: HCl ina ubesi wa 1 na ni asidi kali, H₃PO₄ ina 3 na ni dhaifu.

Hatua ya 1: Andika fomula.

Hatua ya 2: Chora muundo. Usihesabu H kwenye fomula ukaridhika, hata kama haraka imekushika. Asidi ya ethanoiki, CH₃COOH, ina haidrojeni nne, ila inayotoka ni ile moja tu iliyoshikana na oksijeni. Tatu za CH₃ zimeshikana na kaboni na hazitoki. H₃PO₃ ndiyo inayowanasa wengi: haidrojeni moja imeshikana na fosforasi yenyewe, kwa hiyo ni dibesiki.

Hatua ya 3: Pima. Chukua asidi ya oksaliki yenye fuwele, H₂C₂O₄·2H₂O, gramu 6.3 katika lita moja ya maji. Hiyo ni 0.05 M, yaani moli 0.05 kwa lita. Pipeti sm³ 25 kwa kinyonyeo cha mpira, kamwe usitumie mdomo, maana asidi hii ni sumu. Weka NaOH (alkali) ya 0.1 M kwenye bureti.

Kiashiria, yaani kemikali inayobadilika rangi asidi inapoisha, kiwe fenolfthalini. Methili oranji iache kabatini: hubadilika rangi mapema mno kwa asidi hii, na jibu lako litapotoka hata kama mkono wako ni makini. Dondosha NaOH kwenye asidi, tone moja moja mwishoni, ukome rangi ya waridi hafifu inapodumu. Tahadhari: kwa H₃PO₄ fenolfthalini itakupa karibu 2, si 3, kwa sababu haidrojeni ya tatu imeshikiliwa mno. Hapo amini mchoro.

Hatua ya 4: Gawanya moli za NaOH kwa moli za asidi. Ikitumika sm³ 25.0 za NaOH, hizo ni moli 0.0025, asidi ni moli 0.00125. 0.0025 ÷ 0.00125 = 2.

Hatua ya 5: Andika mlinganyo, H₂C₂O₄ + 2NaOH → Na₂C₂O₄ + 2H₂O. Ukipunguza NaOH iwe nusu, utapata chumvi ya asidi, yaani chumvi iliyobaki na haidrojeni inayoweza kutoka, NaHC₂O₄.