Kuomba amri ya ulinzi kortini Kenya: hatua kwa hatua, na hati ya kiapo inayowakwamisha wengi

Mimi ni msaidizi wa kisheria, na swali ninaloulizwa mara nyingi ni hili: "Nimepigwa na mume wangu. Nimshtaki, ama kuna njia nyingine ya kumzuia?" Njia ni mbili, na unaweza kuzifuata zote kwa pamoja. Ya kwanza ni kesi ya jinai. Polisi wanachunguza, kiongozi wa mashtaka anashtaki, na kesi inakuwa ya Jamhuri. Wewe ni mlalamishi na shahidi. Ya pili ni ombi lako mwenyewe la amri ya ulinzi, chini ya Sheria ya Ulinzi Dhidi ya Ukatili wa Kinyumbani ya mwaka 2015. Hii ya pili haimfungi mtu jela. Inamwekea mipaka, na akiivuka ndipo anakuwa amefanya kosa.

Sheria hiyo si ya wake pekee. Inamlinda mume, mtoto, mzazi, mchumba, mliyeachana naye, na hata mnayekaa pamoja bila ndoa.

Ikiwa uko hatarini sasa hivi, ondoka kwanza, kisha piga 1195, namba ya msaada kwa wanaotendewa ukatili. Karatasi zitafuata.

Hatua ya 1: Hospitali

Kama ulibakwa au kunajisiwa, fika ndani ya saa 72, kwa sababu dawa za kuzuia virusi vya HIV hazisaidii zikianzwa baada ya hapo. Usioge. Nguo ulizovaa zitie kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki, maana plastiki hushika unyevu na ushahidi huoza. Waombe wakujazie fomu ya PRC, yaani fomu ya hospitali ya huduma baada ya kubakwa.

Hatua ya 2: Kituo cha polisi

Ripoti iandikwe kwenye kitabu cha matukio, kisha upewe namba ya OB. Usitoke bila hiyo namba. Ukiambiwa "hayo ni mambo ya nyumbani, nendeni mkasikizane," omba kwa utulivu kupelekwa kwenye dawati la jinsia. Sheria ya 2015 inamtaka polisi akueleze njia za ulinzi ulizo nazo, na una haki ya kuandikisha taarifa kwa afisa wa jinsia yako.

Chukua fomu ya P3, yaani fomu ya polisi ambayo daktari huandika majeraha yako, nayo haiuzwi. Soma daktari alivyoainisha jeraha, kwa sababu uzito wa shtaka unategemea hapo: shambulio la kawaida (kifungu cha 250 cha Kanuni ya Adhabu); kusababisha jeraha la mwili (kifungu cha 251, hadi miaka 5 jela); au kudhuru vibaya (kifungu cha 234, hadi kifungo cha maisha).

Hatua ya 3: Hati ya kiapo

Hati ya kiapo ni maelezo yako ya maandishi unayoapa kuwa ni ya kweli. Hapa ndipo nilipojifunza kwa uchungu. Mama mmoja niliyemsaidia miaka ya kwanza tuliandika, "Amekuwa akinipiga mara nyingi na kunitusi." Kila neno lilikuwa kweli. Hakimu alisoma, akakataa kutoa amri ya muda, ile ya kumlinda wakati kesi inangoja, akaagiza mume apelekewe hati kwanza na kesi isikizwe baada ya wiki mbili. Wiki hizo mbili mama alizilala nyumba ileile, na mume akijua ameshtakiwa. Tangu siku hiyo siandiki "mara nyingi" kwenye kiapo cha mtu yeyote.

Hakimu anayeombwa kutoa amri ya muda bila kumsikiza mlalamikiwa anataka kuona mambo matatu: nini kilitendeka, lini, na kwa nini wewe huwezi kungoja. Kwa hivyo anza na tukio la mwisho, si la kwanza. Tarehe, saa, chumba, kilichoshikwa mkononi, maneno yaliyotamkwa. "Tarehe 9, saa tatu usiku, jikoni, alinishika shingo akaniambia nikienda kwa mama yangu ataninyonga. Mtoto wetu wa miaka saba alikuwa mlangoni." Baada ya hapo chagua matukio mengine mawili au matatu mazito, basi.

Watu husema hawakumbuki tarehe. Wanakumbuka, ila kwa njia nyingine. Mimi huomba simu, tunafungua ujumbe wa M-Pesa. Mama mwingine niliyeketi naye alisema hakumbuki siku yoyote, lakini tulikuta alimlipa bodaboda saa nne usiku kwenda zahanati, na kesho yake dada yake akamtumia nauli. Tukapata tarehe mbili kwa dakika kumi. Fungua shule, matanga, harusi ya jirani, kadi ya kliniki: yote ni kalenda.

Usiache kuandika ukatili usioacha alama. Sheria inataja kunyimwa pesa, kufungiwa nje ya nyumba, kufuatwafuatwa, vitisho, matusi, kuharibiwa mali, na kuingiliwa na wakwe. Inataja pia ukatili wa kingono ndani ya ndoa. Hilo ni muhimu sana, kwa sababu Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya 2006, kifungu cha 43(5), inawaacha nje waliooana kisheria. Aliyeambiwa "mume hawezi kumbaka mke" bado anaweza kuja kuomba ulinzi kwa jambo lilelile.

Picha na jumbe za simu ziambatanishe pamoja na cheti cha ushahidi wa kielektroniki, kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi. Bila cheti, upande wa pili utazipinga. Usikate picha, na usifute jumbe zako mwenyewe hata kama ulijibu kwa hasira. Na usiongeze chumvi. Jambo moja la uongo likigunduliwa, ya kweli yote yanatiliwa shaka.

Mimi hupendelea kuandika kwanza kwa mkono, kwenye daftari, kwa maneno ya mwenyewe, ndipo tupige chapa. Viapo vya kunakili vya saiba vinafanana vyote, na hakimu anaviona kila siku.

Hatua ya 4: Wasilisha

Peleka ombi na kiapo mahakama ya hakimu, pamoja na cheti cha dharura, yaani karatasi inayoeleza kwa nini ombi lisikizwe haraka. Karani wa masjala atakuelekeza.

Hatua ya 5: Omba yote unayohitaji

Wengi huomba tu "asinipige." Omba pia asifike kazini kwako wala shuleni kwa watoto, asikupigie simu, asiguse vyombo vyako. Unaweza kuomba ubaki katika nyumba mnayoishi, hata kama hati ya nyumba ina jina lake.

Hatua ya 6: Amri imfikie

Usimpelekee mwenyewe, wala usimtume ndugu yako. Tumia mpelekaji hati wa mahakama, naye aape kwamba amempa. Asipothibitishwa kuijua amri, ni vigumu kumtia hatiani kwa kuivunja. Nakala moja peleka kituo cha polisi, moja kwa mwalimu mkuu, moja kwa mtu unayemwamini nje ya nyumba hiyo.

Hatua ya 7: Akiivunja

Kuvunja amri ni kosa la jinai: faini hadi shilingi 100,000, au kifungo hadi miezi 12, au vyote viwili. Ripoti hata kama alisimama tu langoni. Nenda na nakala ya amri, taja namba ya kesi kabla ya kueleza kilichotokea, na uchukue namba mpya ya OB. Ile ya zamani ni ya tukio la zamani.