Maji ya manjanja (mabati ya paa) Bukavu: jua kwanza yataishia wapi

Kwenye vilima vya Kadutu na Bagira, paa la nyumba ya juu humwagia maji nyumba ya chini. Kwa hiyo usianze na kununua gutiere (mfereji wa ukingoni mwa paa). Shuka kwenye parseli (kiwanja chako) mpaka mpakani, utafute njia ya maji hadi kwenye mfereji wa barabara. Bila njia hiyo, gutiere itakusanya maji ya paa zima na kuyatupa mahali pamoja, nayo yatachimba hapo.

Hesabu ni rahisi: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Pima eneo ambalo paa linafunika chini, si urefu wa manjanja yenyewe. Nyumba ya mita 10 kwa 8 ina mita za mraba 80, yaani 40 kila upande. Ukipangia mvua kali ya milimita 150 kwa saa, 40 × 150 ÷ 3,600 ni karibu lita 1.7 kwa sekunde kila upande. Gutiere ya nusu duara ya milimita 100 itafurika. Weka ya 150, na tiyo (bomba) ya PVC ya 110. Nyembamba zaidi huzibwa upesi na majani.

Vuta uzi kabla ya kufunga. Mteremko wa milimita 5 kwa kila mita unatosha, yaani sentimita 5 kwa mita 10. Vishikizo vikae kila sentimita 50. Vikiachana sana gutiere hulegea katikati, maji hutuama, kutu huanzia hapo. Kwenye maungio, kipande cha juu kilale ndani ya kile cha chini kwa sentimita 10, kikifuata mkondo wa maji, kisha siliconi na riveti. Ncha ya bati iingie sentimita 4 au 5: ikipungua, maji hurudi nyuma na kuozesha mbao, ikizidi, mkono haupiti kusafisha. Ukingo wa nje uwe chini kidogo ya ule wa ndani, ili gutiere ikifurika maji yaanguke nje, yasiingie ukutani.

Tangi ni zuri, lakini la lita 1,000 hujazwa na milimita 12.5 tu za mvua kwenye paa hili. Baada ya hapo, kila kinachoingia lazima kitoke. Kosa tunaloliona mara nyingi ni tiyo ya kuingiza ya 110 na ya kutolea ya 32. Zote mbili ziwe sawa. Tena tangi likijaa lina uzito wa tani moja: usiliweke kwenye ukingo wa ukuta wa kuzuia udongo, wala juu ya udongo wa kujazia.

Shimo la kunywesha maji ardhini? Kwenye mteremko, hapana kabisa. Udongo wa mfinyanzi ukishiba maji huwa mzito na kuteleza, na nyumba za chini ndizo zinazofunikwa. Peleka maji ndani ya tiyo au mfereji wa mawe na simenti, wenye ngazi za kuvunja kasi.

Safisha gutiere mwezi wa Agosti. Mvua za Septemba zikianza, toka nje inaponyesha, utazame kila ungio na kila mwisho wa tiyo.