Jinsi ya kumwomba Mungu bila kumpangia

Bwana asifiwe wapendwa. Kuna kitu naona sana kwenye fellowship zetu hapa Kampala, mtu anafunga, kesha ya ijumaa hakosi, alafu mwezi aliousema ukipita jibu halijaja ananuna na Mungu mpaka kanisani haonekani tena. Ukikaa naye ukamsikiliza unakuta ombi lilikuwa na ratiba tayari, tarehe iko, njia iko, mpaka watu wa kushuhudia iko. Inaniuma sana kwa sababu wengi wao wanampenda Mungu kweli.

Sasa fanya hivi. Chukua daftari uandike ombi lako vile unavyoliomba ukiwa umepiga magoti, usilipambe. Tuseme we ni kijana unatafuta kazi, utaandika "Mungu nipe kazi kabla ya krismasi, iwe ofisi ya hapa mjini, nirudi kijijini na gari, wale walionicheka waone." Pitia kipande kwa kipande. Kazi, hiyo ni haja, ibaki, Yesu mwenyewe alitufundisha kuomba mkate wa kila siku. Kabla ya krismasi, kwa nini? Kama ni kodi na landlord anagonga mlango basi taja hiyo kodi, tarehe yake ni ya kweli. Lakini kama ni kwa sababu krismasi ndo watu wote wanarudi kijijini na unataka waone gari, piga mstari. Yakobo 4:3 inasema tunaomba hatupati kwa sababu tunaomba vibaya, tukavitumie kwa tamaa zetu. Na pale pa "walionicheka" usifute haraka, kaa hapo, mwambie Mungu waziwazi nilichekwa na bado inaniuma, maana chini ya kiburi mara nyingi kuna kidonda. Kesho yake omba tena bila vile vipande ulivyokata, na kama hamu ya kuomba imeisha ghafla basi umeshajua ulikuwa unaomba nini hasa.

Alafu soma 2 Wafalme 5, sura nzima. Naamani ni jemadari wa Shamu, ana ukoma, anakuja na talanta 10 za fedha, vipande 6,000 vya dhahabu na mavazi 10, na nabii Elisha hata nje hatoki, anatuma mtu amwambie akaoge Yordani mara 7. Jamaa anawaka hasira kwa sababu kichwani alishapanga kila kitu, nabii atatoka, atasimama, ataomba, atapitisha mkono. Anaanza kutaja mito ya kwao Dameski, Abana na Farpari, ati ndo mizuri. Karibu arudi kwao na ukoma wake. Angalia waliomsaidia, kabinti mateka ndo alianza kutaja nabii, na watumishi wake ndo walimbembeleza aingie kwenye maji. Kwa iyo housegirl wako au yule wa boda akikwambia neno la kweli kuhusu maisha yako, nyamaza usikilize. Na mtu akikwambia panda mbegu ya laki kadhaa ndo mlango ufunguke, kumbuka Elisha zawadi zile alikataa zote, na Gehazi mtumishi wake aliyezikimbilia akabaki na ukoma.

Kingine, shika kazi iliyo mbele yako. Umesomea uhasibu na kilichopo sasa ni kumwandikia mama wa sokoni hesabu zake za sacco, mwandikie vizuri kama ni benki, huku barua za kazi unaendelea kutuma. Mgonjwa naye ameze dawa zake huku anaombewa.

Tafuta ndugu mmoja unayemwamini umsomee ulichoandika. Wazee wetu Balokole, yaani waliookoka, kwenye ule uamsho wa kina Simeoni Nsibambi na daktari Joe Church waliokutana Namirembe 1929, walikuwa na desturi ya kutembea nuruni, dhambi unaitaja kwa jina lake mbele ya wenzako, wivu unasema wivu. Mi naona mmoja anatosha kwanza, usiipeleke kwenye grupu ya watsap.

Rafiki yako akipata mchumba na we bado, nenda kwanjula yake, ile sherehe ya kutambulisha mchumba kwa wazazi, beba zawadi, saidia kupika. Hii ni ngumu, najua, lakini moyo unafundishwa na mikono.

Mwisho kabisa jifunze kwa wale vijana watatu wa Danieli 3. Walimwambia mfalme Mungu wetu anaweza kutuokoa na tanuru, na hata asipotuokoa sanamu yako hatutaiabudu. We pia taja haja yako yote, sema Bwana unaweza, alafu mwambie utafanyaje asipofanya: nitaendelea kuja ibada, deni za watu nitalipa, mama yangu nitamtumia kidogo nilicho nacho, na kwa mganga siendi.