Fundo la Kanga: Namna Ninavyovaa Uhusika

Mara ya kwanza kupewa nafasi ya mama mkwe nilimharibu. Igizo tulilitunga wenyewe kwenye kikundi, mazoezi jioni katika darasa la shule ya msingi watoto wakishatoka. Mume kafariki, arobaini haijafika, mama mkwe anamtoa mjane nyumbani na mabegi yake. Basi nikakaza macho, nikashika kiuno, nikapaza sauti. Watu walicheka mpaka nikadhani nimeua. Tulipokuwa tunakunja mikeka, mwongozaji akaniuliza swali moja tu: "Dada, huyu bibi usiku analala?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeshamhukumu, sikuona haja ya kumjua.

Tangu siku ile, nikipewa uhusika wa mtu nisiyempenda, kwanza nakuwa wakili wake. Fanya hivi: chukua daftari, andika utetezi wake ukurasa mmoja, useme "mimi", bila kuomba radhi. Usiandike "ana roho mbaya". Hakuna anayeamka asubuhi akajiita hivyo. Mimi niliandika: "Nilizaa mmoja. Nimemsomesha kwa vitumbua. Bati za nyumba hii nimenunua mimi, tatu tatu. Leo yeye yuko chini, na huyu binti ataolewa tena, na mwanamume mwingine atalala chini ya bati zangu." Nilipofika kwenye bati nikaweka kalamu chini. Bado niliona anakosea, ila sasa nilijua kwa nini halali.

Usichanganye hili na kumhurumia. Ukimhurumia mhusika unasimama nje, unalia kwa niaba yake, na mtazamaji akishaona umelia wewe, yeye anapumzika. Mama mkwe wangu halii jukwaani hata mara moja. Anahesabu masufuria.

Stanislavski, yule mwongozaji wa Urusi, alijenga sehemu kubwa ya mafunzo yake juu ya neno "kama": kama ningekuwa mimi katika hali hii, ningefanya nini? Sikiliza swali lenyewe. Linauliza ningefanya nini, halisemi ningejisikiaje. Hisia ni kuku wa kienyeji, ukimkimbiza anapanda juu ya mti. Ipe mikono kazi. Mimi nilikunja nguo za marehemu. Kufika shati la tatu, kifua kilikuwa kizito bila kukilazimisha. Siku nyingine hakuna kinachokuja kabisa, na sijali, kwa sababu watu wanamwona mama anayekunja shati la mwanawe.

Sasa kukopa. Nilikuwa msibani, nimekaa mkekani na akina mama, karibu na bibi mmoja nisiyemfahamu. Kwenye pindo la kanga yake alikuwa na fundo, nadhani la hela na ufunguo. Kila jina la mtu fulani lilipotajwa, mkono wake ulishuka wenyewe, ukalipapasa, ukalikaza. Uso haukubadilika hata kidogo. Nilichukua fundo lile. Sura yake, sauti yake na mkasa wake nilimwachia, ni vyake. Hii ndiyo sheria yangu: kitu kimoja kutoka kwa mtu mmoja. Ukimbeba jirani mzima mzima ukampandisha jukwaani, huo ni umbea, na usidhani hatakuja kutazama.

Vazi nalo lije siku ya kwanza ya mazoezi. Nguo ikiletwa siku ya onyesho inabaki kuwa nguo. Nilipofanya mazoezi na kanga yenye fundo kwa wiki tatu, mkono ulijifunza. Mjane akisema "mume wangu", mkono unashuka.

Wewe mtunzi una kazi ya ziada, maana huanzi na maneno ya mtu mwingine. Ebrahim Hussein alipoandika Kinjeketile, tamthilia iliyotoka 1969, alikuwa na mtu wa kweli: Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe, aliyegawa maji ya dawa na kunyongwa na Wajerumani 1905, vita ya Maji Maji ikiwa ndiyo kwanza imeanza. Historia inasema alifanya nini. Usiku aliwaza nini, haisemi. Hussein akatamka wazi kwamba mhusika wake ni zao la ubunifu, kisha akampa shaka: katoa neno, neno limemponyoka, sasa analiogopa. Halafu gerezani, alipoweza kujiokoa kwa kusema maji yalikuwa uongo, anakataa. Tafuta mahali habari zinaponyamaza, hapo ndipo pa kuingiza kalamu.

Kisha mkabidhi mhusika maneno machache kuliko anavyotaka. Rasimu ya kwanza ya mama mkwe ilikuwa na sentensi niliyoipenda sana: "Nakuchukia kwa sababu mwanangu alikupenda kuliko mimi." Hakuna mama mkwe wa Manzese wala wa kwingineko anayesema hivyo. Niliifuta nikiumia. Mahali pake anasema, "Sufuria kubwa si lako." Mjane anamjibu, "Chukua, mama." Basi. Usiku wa onyesho la pili, baada ya "chukua, mama", hakuna aliyecheka.

Mwisho, kuvua. Usitumie msiba wako wenyewe ambao haujapoa, nimeona mwenzangu akishindwa kutoka jukwaani. Onyesho likiisha naenda nyuma ya darasa, nanawa uso, namwomba mtu yeyote aniite kwa jina langu. Kisha nafungua fundo. Huwa naweka sarafu mbili za mia mbili humo, lazima ziwe za kweli, mkono unajua. Nikielekea kituoni nazinunulia karanga.