Jaribio la dawa ya mania: anza na waliojitoa

Kwa wenzangu wa Mombasa tunaosoma pamoja ripoti za majaribio ya dawa za mania kali (msisimko wa akili uliopita kiasi) ya ugonjwa wa bipola: kabla ya kutazama matokeo, linganisheni, kundi kwa kundi, idadi ya waliopangwa kwa bahati nasibu na idadi ya waliofika mwisho, ambao kwa kawaida ni wiki 3. Majaribio haya hupoteza watu wengi, na watafiti, hasa wa miaka ya nyuma, walizoea kuziba pengo kwa kuibeba alama ya mwisho ya aliyejitoa hadi siku ya kufunga hesabu, kana kwamba hali yake iliganda pale alipoondoka. Iwapo waliopewa plasebo (dawa bandia ya kulinganishia) walijitoa mapema, wakiwa bado na alama za juu kwenye kipimo cha Young cha ukali wa mania, kinachoanzia 0 hadi 60, dawa yaweza kuonekana bora kuliko ilivyo. Someni pia sababu za kujitoa, kwani kukosa nafuu na kushindwa kuvumilia madhara si jambo moja. Uchambuzi wa majaribio 68 uliotoka katika jarida la Lancet mwaka 2011 uliweka kujitoa kuwa kipimo kikuu sambamba na nafuu, na nadhani ulifanya vyema. Mbinu hii ya kulinganisha idadi haifui dafu pale ripoti inapotaja jumla tu bila kutenganisha makundi, wala haifichui lorazepamu, dawa ya kutuliza inayoruhusiwa siku za mwanzo, ambayo humtuliza hata mwenye plasebo. Hiyo itafuteni kwenye maelezo ya mbinu, ambako mara nyingi hupewa sentensi moja.