Albamu za posti-panki: ingia kwa kufuata besi

Mimi ni mpiga besi wa bendi ya dansi, na vijana ninaowafundisha hawaishi kuniuliza kwa nini simu yangu imejaa wazungu wa Manchester wa mwaka 1979. Jibu ni fupi: kwenye muziki ule, posti-panki, yaani roki iliyozuka baada ya panki mwishoni mwa miaka ya 1970, besi haikai nyuma. Gitaa la solo limeshushwa cheo, kazi ya kuimba wamepewa besi na dramu. Ukiingia kwa kufuata maneno ya mwimbaji, kama tulivyozoea, ukifika wimbo wa tatu utakuwa umechoka, maana utasikia mtu analalamika tu. Ingia kwa chini.

Kwanza achana na spika ya simu. Uzi mnene wa besi ukipigwa wazi unatoa mtetemo wa hezi 41 hivi, na kile kispika hakiwezi kuutoa. Utabaki na gitaa linalokwaruza na matoazi. Vaa hedifoni, au unganisha na redio yenye spika kubwa, majirani watavumilia.

Anza na Unknown Pleasures ya Joy Division, iliyotoka Juni 1979. Weka wimbo wa kwanza, “Disorder”. Dramu zinatangulia, besi inafuata, gitaa linakuja baadaye. Usiendelee kwanza. Rudia mwanzo huo mpaka uweze kuutoa mstari wa besi kwa mdomo. Utagundua mpiga besi wao, Peter Hook, hapigi kule chini tulikofundishwa kukaa. Amepanda juu ya shingo ya gitaa, kwenye nyuzi nyembamba, na anapiga melodi ambayo bendi ya hapa ingempa mtu wa solo. Sababu ameieleza mwenyewe: amplifaya ya mwenzake wa gitaa, Bernard Sumner, ilikuwa na kelele, na yeye alikuwa anaisikia besi yake pale tu anapopanda. Shida ya vyombo ikazaa mtindo. Mpiga besi yeyote aliyewahi kukabidhiwa amplifaya mbovu kwenye harusi hahitaji maelezo zaidi.

Sasa rudia wimbo ule ule ukifuata dramu peke yake. Prodyuza Martin Hannett, pale Strawberry Studios mjini Stockport, alitaka vipande vya dramu virekodiwe mbalimbali, kisha akavipitisha kwenye mashine za mwangwi. Ndiyo maana mapigo yanasikika kama yanatoka kwenye ghala tupu. Sumner na Hook hawakuipenda kazi ile mwanzoni, walitaka ukali wao wa jukwaani. Mimi niko upande wa Hannett. Sauti ya mwimbaji Ian Curtis, aliyefariki Mei 1980 akiwa na miaka 23, iache mpaka mzunguko wa tatu.

Albamu ya pili naiweka hapa kwa sababu ina ngoma ya jirani zetu. Ni Kings of the Wild Frontier ya Adam and the Ants, ya mwaka 1980, ambayo watu wengi wanaiweka upande wa nyu wevu, ndugu wa posti-panki mwenye mwelekeo wa pop. Kabla hujaigusa, tafuta kwanza ngoma za kifalme za Burundi, zile ambazo UNESCO iliziingiza kwenye orodha yake ya urithi wa utamaduni mwaka 2014. Ngoma ya katikati, inkiranya, ndiyo kiongozi. Amashakwe wanashika pigo lisilokatika. Ibishikizo wanamfuata inkiranya anakokwenda. Gonga meza pamoja na amashakwe mpaka mkono uzoee, halafu weka “Dog Eat Dog”. Wapiga dramu wawili, na karibu kila kitu kinapigwa kwenye ngoma za chini.

Ngoma ile ilifikaje London? Wafaransa waliirekodi Burundi miaka ya 1960, na mwaka 1971 mwanamuziki mmoja wa Paris akaipachika piano na magitaa na kuitoa kama “Burundi Black”. Malcolm McLaren, aliyekuwa meneja wa bendi ya panki ya Sex Pistols, akamsikilizisha Adam, mwimbaji wa Adam and the Ants, mapigo hayo. Kisha akamnyang'anya wanamuziki na kuunda nao Bow Wow Wow, kwa mapigo yale yale. Wamekopa bila kupiga hodi. Nazipenda nyimbo zenyewe, lakini ukizisikiliza baada ya Burundi utaona wamechukua amashakwe tu. Inkiranya hayupo, kwa hiyo hakuna anayeigeuza ngoma.

Remain in Light ya Talking Heads, nayo ya 1980, itakuwa rahisi kwako kuliko kwa Mwingereza. Walianza kuirekodi Nassau, Bahama, pamoja na prodyuza Brian Eno, huku albamu ya Fela Kuti, Afrodisiac, ikiwa imewaingia kichwani. Kwenye “The Great Curve” wimbo hauhami. Vinaongezwa vitu juu ya kilichopo, kama sebene. Mshikilie mpiga besi Tina Weymouth kwenye “Once in a Lifetime”, usimwachie hata mwimbaji akianza kuhubiri. Baada ya hapo msikilize Angélique Kidjo, yule aliyeimba “Malaika”, ambaye mwaka 2018 aliirudia albamu yote. Fanya hivyo siku hiyo hiyo.

Entertainment! ya Gang of Four na Cut ya The Slits, zote za 1979, ni za wale wanaopenda rithim kavu. Ya pili aliiprodyuzi Dennis Bovell, mtu wa rege, na inasikika.

Kuwatambua watoto wa muziki huu, tumia sikio lile lile. Ukisikia besi inaimba juu na gitaa limebaki na cheche tu, kama kwa bendi za Interpol mwaka 2002 au Bloc Party mwaka 2005, rudi kwa Hook ulinganishe. Pink Flag ya Wire, ya 1977, iweke mwisho: nyimbo 21 ndani ya dakika 35 hivi. Foleni moja ya Barabara ya Mandela inatosha kuisikiliza mara mbili.